Kuwekwa Anwani Moja na Choo cha Ghorofa ya Tatu

Ndugu Mkuu wa Mitambo ya Jengo,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mwangani. Mimi naiandika kwa awamu, kadiri wenzangu wa ghorofa ya tatu wanavyobanwa na haja, kwa sababu nitakazozieleza kwa adabu zote.

Mimi ni Afisa Malalamiko, ghorofa ya nne, chumba cha mwisho kushoto, kile ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Kwa utaratibu wetu, malalamiko yote, ya wateja hata ya watumishi, lazima yaanzie kwangu. Kwa hiyo nilijiandikia, nikajipokea, nikajisikiliza kwa makini, na nimeridhika kwamba nina hoja. Ndipo nikaona niipandishe kwako.

Chanzo unakijua. Tulipofungiwa mtambo mpya wa kuendesha taa, feni na viyoyozi, kila chumba kilibandikwa kifaa kwenye dari na kupewa namba, ndiyo anwani yake. Mtambo huvipitia vifaa vyote namba kwa namba, siku nzima, ukiuliza: kuna mtu humo? Joto likoje? Jibu likiwa "hamna mtu", taa inazimwa. Jambo zuri, sina ugomvi nalo. Ila fundi wako, ambaye ni mstaarabu sana, alipofika kwangu alinakili mipangilio ya kifaa cha choo cha wanaume cha ghorofa ya tatu ili asianze upya, akasema namba ataibadilisha baadaye. Akaitwa chai. Hiyo baadaye bado haijafika. Nilipomfuata aliniambia, "Mzee, tatizo mnajibu wawili. Mtambo ukiita hamsini na tatu, wewe unaitika na choo kinaitika. Sasa choo kiko jirani na mtambo, kinakuwahi."

Basi mtambo unakisikiliza choo, na mimi nafuata. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtu akiingia chooni, taa yangu inawaka. Akitoka, inazimika. Kitaa chekundu cha kile kifaa kikipepesa najua ndiyo tunaulizwa, na mwanzoni nilikuwa naitika kwa sauti, "Nipo!" Nimepunga mikono. Nimeruka, na goti langu hili. Haisaidii: choo kikishasema hamna mtu, mimi sipo. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kulalamikia bili yake, na akiwa katikati ya kulia, giza tii. Akasema, "Jamani, hata sijamaliza!" Nikamwomba avumilie, kwamba muda si mrefu mtu atabanwa. Hakuvumilia. Aliondoka akipapasa ukuta.

2. Ratiba yangu ya kazi imo mikononi mwa Mhasibu Mkuu. Bwana huyu huingia chooni na gazeti, na husoma mpaka matangazo ya vifo. Hapo ndipo nafanya kazi ya maana. Alipokwenda likizo sikujibu barua hata moja. Aliporudi nilifurahi kuliko mkewe, na siku hizi namnunulia gazeti la pili.

3. Choo kikihitaji kutolewa hewa chafu, feni yangu nayo inanguruma na majalada yanaruka. Kwa maneno mengine, mtambo unaamini kwamba chumba changu kinahitaji kupunguzwa hewa mara kwa mara. Naichukulia hiyo kuwa ni tuhuma, na ningependa ifutwe.

(Samahani kwa kukatiza. Ilikuwa giza. Sasa kuna mtu, naendelea.)

Kuhusu hewa hiyo hiyo: siku moja goti liliniuma, nikaongeza joto kidogo; kumbe amri ya hamsini na tatu inafika hadi chooni. Mhasibu Mkuu akapanda ngazi hadi kwangu, gazeti kwapani, shati limemganda mgongoni. "Afisa, mbona unatupika huko chini?" Nilimwomba tu, kama hajali, arudi akamalizie, kwa sababu nilikuwa katikati ya sentensi.

4. Habari imefika nyumbani. Mke wangu alipoisikia alisema, "Baba, utumishi wote huo, ndiyo wakakuweka anwani moja na choo?" Mashemeji ndio wameharibu kabisa. Wakinikuta sebuleni hugonga meza na kuuliza kama kuna mtu.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Ijumaa utawala unatoa orodha ya vyumba, kwa kufuata kumbukumbu za mtambo wako. Chumba kitakachoonekana hakina kazi kitageuzwa stoo ya viti vibovu, na mwenyewe atahamishiwa ukumbini, kwenye ile meza ndefu ya wote, ambako mtu ukipiga chafya unaombewa afya na watu ishirini. Ndugu yangu, chumba hiki ninacho tangu nina nywele. Kumbukumbu zangu zitasomekaje? Watu wanaingia mbio, wanakaa kidogo, wanatoka. Ofisi gani hiyo?

Kwa hiyo naomba nipewe namba yangu mwenyewe. Sichagui, hata ndogo nitaipokea. Na kama hilo haliwezekani, basi choo kihamishiwe rasmi kwenye kitengo changu pamoja na Mama Usafi, niwapangie watumishi zamu za kuingia, kila idara na saa yake, ili niwe na mwanga kutwa nzima. Asiye na haja ataingia akae tu, kwa ajili ya taifa. Aidha, mtambo ufundishwe kupiga hodi kabla ya kuuliza.

Wasalimie wote huko mitamboni, fundi na chai yake, na ukikutana na Mhasibu Mkuu mpe salamu za pekee. Nahisi ameshafika kwenye matangazo ya vifo, kwa hiyo naishia hapa.

Wako, niwakapo na nizimikapo,
Afisa Malalamiko
(Namba hamsini na tatu, ya juu)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, orodha imetoka mapema. Chumba changu kimekuwa cha kwanza jengo zima kwa kutumika. Utawala umeandika kwamba wateja wa Afisa Malalamiko huja kwa wingi na kwa haraka kubwa, huhudumiwa kwa dakika chache, na wengi hurudi siku hiyo hiyo, jambo linaloonyesha imani. Anayehamishiwa ukumbini ni Mhasibu Mkuu, ambaye chumba chake kimeonekana kitupu kwa muda mrefu kila siku bila maelezo. Malalamiko yote hapo juu nayafuta. Fundi asiikaribie namba yangu. Mwache anywe chai. Ombi langu ni moja tu: ghorofa ya tatu iongezewe mtungi wa maji ya kunywa. Glasi nitaleta mwenyewe kutoka nyumbani, zile kubwa.