Tisa ya Mama Mkwe

Kwa Mkuu wa Idara ya Kutunga Majina,
Kampuni ya Simu.

Mheshimiwa,

Habari za kazi. Mimi ni fundi wa simu zenu. Nina kibanda chenye meza moja, taa ya kichwani na droo kumi na mbili za vioo vya simu. Sina ugomvi na mtu, ila kwa hili mmenifikisha pabaya, na nisiposema nitapasuka.

1. Mlitoa simu namba Saba, mkatoa Nane, kisha mkaruka mkatoa Kumi. Sisi mafundi tulicheka, yakaisha. Mama mkwe wangu hakucheka. Yeye kafundisha hesabu darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na mtoto aliyeruka tisa alianza upya tangu moja, tena amesimama. Ana Nane yenu, na aliniagiza kwa upole kabisa kwamba Tisa ikitoka nimpelekee. Alipoiona Kumi dukani, akajua Tisa imeshatoka na mimi nimempa mtu mwingine.

2. Mkwe habishiwi. Nilimweleza mara moja tu, kichwa nimekiinamisha, kwamba Tisa haipo. Akaniuliza, sasa hao wa Kumi wamepitia wapi? Nikaomba maji ya kunywa, na ile kiu ikawa ushahidi.

3. Mke wangu amehamia kwa mama yake, wiki ya tatu sasa. Ameondoka na sufuria kubwa, kwa hiyo najua si matembezi. Amesema nikipeleka Tisa atarudi, nisipopeleka nisijisumbue hata kupita pale. Nampenda yule mwanamke, jamani! Chai naipika mwenyewe, na haina ladha.

4. Halafu hayo majina ya nyongeza. Simu isiyojaa kiganja mmeiita Maksi, isiyoingia mfukoni mmeiita Mini. Kuna Kumi Pro, Kumi Pro Plasi, na Kumi Pro Mpya ambayo ni kongwe kuliko Kumi yenyewe. Juzi dereva wa teksi kaleta yake imepasuka, hajui ni ipi. Tulifungua droo zote, tukajaribisha vioo hadi abiria wake akashuka akaenda zake kwa miguu. Hivi nyie watoto wenu mnawaitaje? Kifungua mimba ni Wa Nne, na mdogo wake Mkubwa Zaidi?

5. Basi naomba mtengeneze Tisa. Moja tu, hata isipopiga haidhuru. Mkishindwa, mwandikieni mama mkwe barua yenye muhuri, mkiri kwamba hamjui kuhesabu. Mkishindwa na hilo, mkurugenzi wenu aje mwenyewe, asimame mbele yake, ahesabu moja hadi kumi kwa sauti. Mimi nitasikiliza nikiwa nje ya dirisha.

Nawasalimu wote hapo ofisini: mlinzi wa getini, mama anayefagia, na hasa mhasibu, maana nadhani yeye tisa anaijua.

Ni mimi mliyenivunjia nyumba,
Fundi Vioo

Baada ya sahihi: Barua hii imelala mezani siku nne, na mambo yamegeuka. Tafadhali sana, Tisa msiitengeneze. Mke wangu alileta Nane ya mama yake nihamishe picha, ili Tisa ikija zisipotee. Nikaibadilisha betri, kioo na mfuniko, nikabandika 9 mgongoni, nikaitia kwenye boksi nikampelekea mama mkwe. Kaipokea kwa mikono miwili. Anasema ni nyepesi, ina kasi, wala haifanani kabisa na ile Nane mbovu, ambayo kaniruhusu niivunje nichukue vipuri. Mke wangu amerudi. Nafsi inanisuta kidogo, lakini leo asubuhi walimu wastaafu sita wamepanga foleni kibandani, kila mmoja na Nane yake mkononi. Mheshimiwa, sasa nimewaelewa. Je, idarani kwenu hakuna nafasi ya kazi?