Mwanamuziki Wote Wachanjwe

Kuanzia Jumatatu ile, hakuna mtu katika milima ya Usambara aliyeruhusiwa kufanana na mwenzake kimuziki bila kibali. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wilaya na pale sokoni Lushoto, juu ya magunia ya pilipili hoho. Lilisainiwa na Bwana Nathanaeli, Katibu wa Kamati ya Kubaini Athari na Mlinganisho katika Midundo ya Kompyuta. Kamati ilikuwa na wajumbe watano, wanne kati yao wakiwa safarini kikazi.

Nathanaeli alikuwa mtu wa kazi. Miaka kumi na mmoja alikaa Lushoto akivaa sweta ndani ya koti, akisubiri uhamisho wa kwenda Tanga mjini, ambako alisikia maofisa wanavaa mikono mifupi. Shemeji yake alimnong'oneza kwamba siku hizi uhamisho wanapewa wenye kamati. Akaunda kamati.

Kwa nini midundo ya kompyuta? Kwa sababu ngoma zina wazee, kwaya zina wachungaji, na kaswida zina masheikh. Ukigusa huko utaitwa kikaoni ukajieleze. Midundo ya kompyuta haikuwa na mwenyewe. Tena watengenezaji wake walikuwa wawili tu, jambo lililorahisisha sensa.

Wa kwanza ni Hashimu, fundi redio wa hapo mjini. Yeye hupiga dabstepi, muziki wenye besi nzito inayotikisika mpaka vikombe vinatembea kabatini. Wa pili ni Modesta, mkulima wa kabichi kutoka Mtae. Muziki wake una vitu vichache mno: tone moja la besi, kimya, kofi moja, kimya kirefu zaidi. Vijana waliuita "kubana matumizi", na kwa jina hilo Nathanaeli aliuheshimu kidogo.

Wote wawili walikuwa wameomba kupiga Jumamosi kwenye tamasha la mavuno. Kwa Modesta hiyo ingekuwa mara ya kwanza mama yake kuusikia muziki wake. Miaka mitatu mama huyo aliamini binti yake anajifungia chumbani kutengeneza kompyuta mbovu.

Ili wapate kibali, iliwabidi wajaze fomu ya kurasa sita.

"Shikamoo," alisema Modesta alipoingia ofisini.

"Marahaba. Kaa. Hapa Sehemu C, Jina la Aliyekuathiri, umeandika bonde."

"Ndiyo, baba. La kwetu Mtae. Jirani akipasua kuni ng'ambo, unaliona shoka limeshuka, sauti bado. Unangoja. Halafu ndiyo inafika. Sasa muziki wangu mimi ni pale pa kungoja."

Nathanaeli aliandika yote. "Bonde lina namba ya simu?"

"Hapana."

"Tutathibitishaje kwamba lilikuathiri kwa hiari yake?"

Modesta alifikiri. "Kuna na flashi aliyoniachia mtafiti wa vyura aliyepita akitokea msitu wa Amani. Ilikuwa na miziki ya London na Berlin. Ndipo nilipojua kumbe wimbo unaweza kuupunguza na usife."

"Huyo mtafiti alikuwa na leseni ya muziki?"

"Alikuwa na leseni ya vyura."

Nathanaeli aliandika: leseni ipo.

Kwa Hashimu mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwa kuwa aliyemwathiri alikuwa na namba ya simu. Lilikuwa lori aina ya Fuso, la kubeba kabichi, lenye namba ya dereva mlangoni. Dereva wake, Mzee Salimu, alilileta hadi uani mwa ofisi.

"Mgosi," Hashimu alimwomba, "hebu ikanyage kama uko kwenye kona za Soni, umejaza, gia ya kwanza."

Mzee Salimu akakanyaga. Injini ikapanda, ikashuka, ikakoroma wuo-wuo-wuo, hadi kioo kimoja cha ofisi kikaachia ukutani. Nathanaeli alisimama mlangoni na kalamu yake. "Ni kweli," alisema. "Hii ni dabstepi." Kwa kuwa gari halina saini, liliombwa lipite taratibu juu ya ukurasa wa nne.

Likabaki suala la mlinganisho. Aliwakalisha wote wawili mbele ya meza.

"Je, mnaathiriana?"

"Sana tu!" alisema Hashimu. "Mimi nilikuwa najaza kila kitu. Modesta akasikiliza, akasema, toa. Nikatoa. Akasema, toa tena. Besi ikabaki peke yake, ndiyo ikaanza kutisha."

"Na mimi besi yangu ilikuwa inaelea juu kama povu," alisema Modesta. "Yeye ndiye aliyenionyesha kuizika chini, uisikie kwa magoti."

Walitazamana wakacheka, kama wakulima waliobadilishana mbegu na zote zimeota. Nathanaeli alifunga jalada. Katika utumishi wake hakuwahi kuona watu wanakiri kirahisi namna ile.

"Ufanano wa pande mbili, bila kibali," alisema. "Hampigi mpaka ripoti isomwe mbele ya mgeni rasmi."

"Lakini baba, itasomwa Jumamosi hiyohiyo. Mama yangu anakuja na basi la alfajiri. Nimwambieje?"

"Mwambie mchakato unaendelea."

Ripoti sasa. Mkoani, ripoti isiyofika kurasa hamsini huhesabiwa kuwa barua. Hadi Ijumaa saa nane mchana Nathanaeli alikuwa na kurasa mbili, moja ikiwa jalada. Alijaribu kueleza tofauti kati ya kuathiriwa na kuiga, akagundua haijui. Ndipo, katika kompyuta ya ofisi inayotumiwa na idara zote, akakuta ripoti iliyokamilika ya idara ya mifugo kuhusu homa ya mapafu ya mbuzi. Ilikuwa na kurasa sitini na tatu, majedwali na picha.

Aliiamuru kompyuta ibadilishe kila palipoandikwa "mbuzi" paandikwe "mwanamuziki". Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika. Ikabadilisha mahali mia nne na kumi na mbili, naye akaenda nyumbani akijisikia mbunifu.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mama yake Modesta alikaa mbele kabisa na mwavuli wake. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kristian kutoka mkoani, aliketi chini ya turubai na chupa mbili za maji. Nathanaeli akapanda jukwaani, akasoma.

"'Mwanamuziki wote wenye umri wa zaidi ya miezi mitatu wachanjwe mara moja.'"

Mama yake Modesta alifunga mwavuli asikie vizuri.

"'Wavishwe hereni ya utambulisho sikio la kushoto. Mwanamuziki jike hutoa wastani wa lita moja na nusu kwa siku, na kiwango hicho hupanda akiongezewa pumba.'"

"Lita za nini?" aliuliza mama yake Modesta kwa sauti.

Jasho lilimtoka Nathanaeli ndani ya sweta, ndani ya koti. Alitamani kuacha, lakini ripoti ikishaanza kusomwa mbele ya mgeni rasmi haina breki. Mgeni rasmi alikuwa amefumba macho, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza lugha ya kitaalamu. Ilipofika mwisho alisimama.

"Nimesomewa ripoti nyingi za utamaduni," alisema. "Hii ina takwimu." Akatia saini. "Utekelezaji uanze leo, mimi nikiwa hapahapa."

Makofi.

"Mheshimiwa," Nathanaeli alimnong'oneza, "kuna makosa madogo ya uchapaji."

"Wapi?"

"Kwenye nukta."

"Nukta zitafuata."

Aliitwa daktari wa mifugo, Bi Mwanaidi, aliyekuwa kwenye banda la chanjo hapo uwanjani. Bi Mwanaidi alipokea ripoti akaitambua papo hapo. Aliiandika mwenyewe, baada ya miezi minne ya kutembea mvuani nyuma ya mbuzi. Hata kidole kilichoonekana kwenye picha ya ukurasa wa ishirini kilikuwa chake. Alimgeukia Nathanaeli.

"Ripoti nzuri," alisema. "Tuanze na ukurasa wa arobaini na moja. Kabla ya chanjo na hereni, wapimwe wanaoshukiwa pamoja na mchungaji wao. Mzima ataachiwa."

Alimpima Hashimu pumzi. Safi. Akamwekea Modesta kipimo kifuani, akasikiliza kwa utulivu. "Mapigo machache," alisema, "lakini kila moja liko mahali pake." Akawaandikia wote wawili vyeti, akagonga muhuri: *Wazima. Waruhusiwe kusafirishwa na kuonyeshwa popote nchini.*

Hashimu alikisoma mara mbili. "Popote nchini?"

"Ndivyo cheti kilivyo. Haya, mchungaji."

"Mimi ni Katibu," alisema Nathanaeli.

"Nani alikuwa akiwafuatilia kila siku?"

"Kamati."

"Panua mdomo."

Moyo wa Nathanaeli ulikwenda mbio. Pumzi zilikuwa fupi, miguu ilitetemeka, jasho lilitiririka. Bi Mwanaidi alifungua orodha ya dalili na kuisoma moja baada ya nyingine mbele ya uwanja mzima. Zote alikuwa nazo.

"Kutengwa siku kumi na nne," alisema.

"Mheshimiwa!" Nathanaeli alimgeukia mgeni rasmi. "Hii ripoti si ya..."

Mgeni rasmi aliinua uso. "Si ya nani? Si umeiandika wewe?"

Uwanja ulimtazama. Modesta naye alimtazama, bila hasira, kama mtu anayengoja kwa hamu kujua.

"Ni yangu," alisema Nathanaeli.

Wakampeleka kwenye chumba cha uangalizi nyuma ya ofisi ya mifugo, chumba safi, chenye majani makavu yaliyotandikwa siku hiyohiyo, na dirisha linaloelekea uwanjani. Kupitia hapo aliona Modesta akipanda jukwaani. Besi moja ikashuka, ikapita ardhini, ikamfikia magotini. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu mpaka mgeni rasmi akaanza kupiga makofi.

Mama yake Modesta alimshika mgeni rasmi mkono. "Ngoja, mwanangu," alisema. "Hajamaliza kunyamaza."

Siku ya tatu Mheshimiwa Kristian alipiga simu kutoka mkoani, na Bi Mwanaidi akaiweka sauti ya juu.

"Nina barua ya uhamisho wa yule Katibu kwenda Tanga," alisema mheshimiwa. "Niisaini?"

"Ukurasa wa arobaini na nne, mheshimiwa. Akishatengwa hahamishwi."

"Sawasawa, tuifuate ripoti yake. Na hali yake?"

Nathanaeli alisogea mlangoni, akafunga kifungo cha koti. "Utekelezaji unaendelea vizuri, mheshimiwa!"

"Jana aligoma," alisema Bi Mwanaidi. "Leo kala vizuri."