Jina Lililoitwa Mara Tatu

Jumatatu, 2 Septemba

Mahakama ya wilaya hii isingesimama bila mimi. Sijisifu, ni kweli tupu. Mlango wa masijala, kile chumba wanachotunzia mafaili, niliutia bawaba kwa mikono yangu hii, na mpaka leo unafungika. Unakaribia kufungika. Hakimu wa enzi zile alikuwa hatoi hukumu nzito kabla ya kunichungulia dirishani nimpe ishara.

Leo nimekabidhiwa kazi ya heshima. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu mdogo wangu, amechaguliwa chuo cha uuguzi. Ana miaka kumi na saba, kwa hiyo fomu lazima isainiwe na mlezi wa kisheria, na chuo kinataka nakala ya faili la mahakama linalomtaja huyo mlezi. Yenye muhuri. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo, nafasi anapewa mwingine. Nakala ya nyumbani ilishaliwa na mchwa, pamoja na nusu ya kabati.

Dada Mkubwa, aliyemlea, goti limemvimba, safari haiwezi. Kabla hajamaliza kueleza nilikuwa nimeshasimama. Nikasema mahakama niachieni mimi. Kesi ile ya ulezi niliifungua mwenyewe, nikaitetea mwenyewe, hakimu akatoa kitambaa akafuta machozi! Mpwa akanitazama na yale macho yake. Hadithi hiyo namsimulia tangu anatambaa. Anajua hata mahali ninapovuta pumzi.

Dada Mkubwa aliandika kitu kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akanipa. Nikaitumbukiza mfuko wa shati. Sikuisoma. Mimi wa kuelekezwa mahakama?

Jumanne, 3 Septemba

Tumefika na Mpwa saa mbili asubuhi. Masijala imejaa rafu mpaka darini, mafaili yamefungwa kamba za katani, vumbi la kutosha kupanda mihogo. Karani ni mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Nimempa jina: Miwani.

Akauliza namba ya kesi. Sikuwa nayo. Mwaka? Nikasema mwaka ule wa mvua nyingi. Akashusha pumzi. Basi, akasema, nitaje jina la aliyefungua kesi, kwa sababu rejista zao zinafuata jina la mleta maombi, na bila hilo hata malaika hapati faili.

Hapo sasa. Aliyefungua kesi ni Dada Mkubwa. Hilo nalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini Mpwa alikuwa amesimama kiwiko kwa kiwiko nami, anatabasamu.

Nikataja jina langu.

Miwani akapitisha kidole rejista ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Sipo. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema kama ninavyoliona jua. Akauliza kama hakuna mtu mwingine aliyehusika. Mpwa akanitangulia kujibu.

“Ni yeye mwenyewe, mama. Alimfanya hakimu alie.”

Miwani akavaa miwani yake, akanipandisha na kunishusha. Akasema hakimu yule alifanya naye kazi miaka kumi na mmoja, na siku alipoumwa na nyigu kwenye kope hakutoa chozi. Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, ili ionekane tunacheka pamoja.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeamka na mpango. Mpango wa kitaalamu! Nimtume Mpwa mahali, akitoka tu nimnong'oneze Miwani ukweli.

Nikamwambia Mpwa akatafute kalamu. Anazo mbili. Nikasema nina kiu. Akatoa chupa ya maji kwenye mkoba. Nikasema kichwa kinanigonga. Akatoa dawa. Mtoto huyu amelelewa kama anayekwenda vitani. Mwishowe nikamwomba aende nje aone kama mvua inakuja. Akachungulia dirishani, akasema haiji, Mjomba.

Miwani akapekua tena, safari hii mpaka rejista za mirathi, jasho limemtoka kwa ajili ya uongo wangu. Alipofunga ya mwisho akasema pengine faili limepotea. Mpwa hakulia. Alikunja fomu yake taratibu, akailaza kwenye bahasha kama mtu anayemlaza mgonjwa. Nilitamani aniporomoshee matusi.

Nyumbani nikaeleza kwamba panya wamekula rejista. Dada Mkubwa alikuwa anajikanda goti. Aliuliza jambo moja tu: kama nimesoma ile karatasi. Nikasema nimeisoma, tena mara mbili. Akaguna.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda peke yangu, alfajiri, kabla Mpwa hajaamka. Nimekaa kwenye ngazi za mahakama nikaikunjua karatasi. Kulikuwa na mwaka. Kulikuwa na namba. Na chini, kwa mwandiko wake wa kulala:

“Sema jina langu. Si lazima mtoto asikie.”

Nikaikunja tena mara nne. Kumbe alijua tangu Jumatatu nitakakokwama.

Miwani alilipata faili kwa dakika tano. Aliliweka kaunta bila kuniuliza kitu, na hiyo huruma yake ilinichoma kuliko vicheko vya juzi. Nikaomba hati ya ulezi peke yake, ukurasa mmoja. Akasema haiwezekani. Nakala hutoka na mwenendo wa kesi, maana yake yote yaliyosemwa siku ile, kurasa tano zimeshonwa uzi na kugongwa muhuri. Nikafunua. Ninasoma polepole, shule niliiacha njiani, lakini ukurasa wa tatu niliusoma haraka:

“Mjomba wa mtoto, shahidi wa pili, ameitwa nje mara tatu. Hakuitika. Shauri linaendelea bila yeye.”

Nikamwomba Miwani asahau ukurasa wa tatu. Nikamtajia bawaba za mlango. Akasema kumbe ni mimi, na kwamba mlango ule unamtesa tangu aajiriwe.

Kuuchana siwezi, uzi utaonekana. Lakini mimi ni fundi, na fundi hakosi njia. Mchana nikakoroga unga na maji moto, uji mzito wa kubandikia, nikaugandisha uso wa ukurasa wa tatu na mgongo wa ukurasa wa pili. Nikalalia mto juu yake saa nzima. Zimetoka kurasa nne safi. Mpwa aliponiona na nakala alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Akasema alijua tu nitaweza. Sikuweza kula.

Ijumaa, 6 Septemba

Siku nitakayoifuta.

Chuoni tulifika saa tano. Karani wa usajili ni mwanamke mtaratibu, kucha fupi, anahesabu kila kitu kwa ncha ya kalamu. Muhuri unasema kurasa tano. Akahesabu nne. Akahesabu tena. Akaushika ule ukurasa mnene, akaukunja, ukalia kama ganda. Akasema nakala imechezewa na hawezi kuipokea. Pengine ataripoti.

Saa ya ukutani ilikuwa tano na nusu. Mpwa akaishika kaunta kwa mikono miwili. Akasema si yeye, mama, haki ya Mungu si yeye. Karani akamtazama kama wanavyotazamwa watoto waongo. Mpwa wangu! Hajawahi kuongopa hata kuhusu sukari.

Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi. Mimi na milango wazi tunajuana.

Kisha nikasikia sauti yangu.

“Nimegandisha mimi. Kwa unga. Yeye hajui.”

Karani akauliza kwa nini. Nikasema afungue tu asome. Akalowesha kitambaa, akachokonoa kwa rula, unga ukadondoka mezani kama mba. Ukurasa ukaachia, mzima, maandishi yote yakionekana. Alisoma kimya, lakini kaunta ni nyembamba na Mpwa anasoma haraka kuliko mimi. Nilimwona macho yake yakifika mstari ule. Yakasimama. Yakarudi mwanzo wa mstari. Yakaupitia tena.

Karani akahesabu tano. Uzi haujakatwa, muhuri haujaguswa. Akasema ataipokea na unga wake. Akagonga muhuri wa chuo saa sita kasoro dakika kumi. Mpwa amepata nafasi! Nilipaswa kuruka juu. Nilikuwa natafuta kofia yangu, na ilikuwa kichwani.

Tulipolipita geti Mpwa akauliza:

“Mjomba, siku ile ulikuwa wapi?”

Nikamwambia hakimu mkuu alinipigia simu ya dharura, jambo la serikali, siruhusiwi kulisema. Nilisema vizuri hata mimi nikakaribia kuamini.

Akaniangalia. “Sawa, Mjomba.” Akachukua mkoba wangu akanibebea.

Hiyo sawa yake. Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 8 Septemba

Mpwa amekwenda chuoni leo na sanduku lake la bati. Nililifungia bawaba mpya. Linakaribia kufungika.

Saa nne nilikuwa kwa kinyozi. Akauliza habari za chuo. Nikasema chuo? Niliingia, nikapiga meza, makarani watano wakasimama wima! Nikawasomesha sheria ya nyaraka. Mkuu wa chuo akatoa kitambaa. Wateja waliosubiri waliomba nirudie sehemu ya kitambaa. Nikairudia, nikaongeza kitambaa cha pili.

Jioni Dada Mkubwa amekuja akichechemea, akaketi kizingitini. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii, nikisimulia mbele yake, hakuwahi kunikata. Alijibu huku anachambua mchele:

“Mtoto alihitaji mjomba. Nikamwachia yule wa kwenye hadithi zako.”

Nikasema kwa kweli hadithi ni nzuri. Akasema ndiyo, ni nzuri. Akaendelea kutoa chuya.

Kesho kinyozi atamleta na shemeji yake asikie. Nafikiri pale kwa mkuu wa chuo niweke na bendera.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika. Hakukuwa na simu. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji la mahakama, nimechuchumaa, suruali imelowa magotini. Nilikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, na niliogopa hakimu ataniuliza kama nitamchukua mtoto, na kila mtu asikie nikikataa. Mwita majina alitoka mlangoni akaniita. Nilimsikia mara zote tatu. Ya tatu niliitika.

Ila niliitikia ndani ya kofia.