Kola Iliyonong'ona

Jumatatu, 6 Mei

Nimechoka kuwa mtu wa kola. Leo nimeamua rasmi.

Maelezo kwa vizazi vitakavyoikuta shajara hii: karakana yetu inashona sare za walinzi. Kila mtu na kipande chake. Mwingine mikono, mwingine mifuko, mimi kola. Baada ya chakula cha mchana cherehani huzimwa zipoe, nasi tunashika sindano tushone vifungo na mapindo kwa mkono. Hapo ndipo mmoja wetu husoma kitabu kwa sauti. Msomaji hashoni. Vifungo vyake tunagawana sisi wengine. Aliyeanzisha desturi hii simjui, ila hakuwa mtu wa kola.

Msomaji ni Mkasi, mkata vitambaa wetu. Mrefu, mabega mapana, sauti ya kutangazia mpira. Hukaa kitini mbele ya kile kioo kirefu cha kupimia sare, kama mfalme. Sasa hivi anatusomea hadithi ya upelelezi inayotisha kwelikweli. Maiti imekutwa kwenye kiwanda cha barafu. Anayemsaka muuaji ni Inspekta, mwanamke, jino moja limevunjika, anakula amesimama, haogopi mtu. Bosi wake akimfokea, yeye humuuliza kama amemaliza. Mama yangu! Vidole vyangu vimejaa matundu ya sindano.

Lakini shida si Inspekta. Shida ni Bi Pasi, mpiga pasi wetu. Mkasi akifika pale damu inapochuruzika, Bi Pasi huweka pasi kando na kukaza macho kule mbele kana kwamba kitabu katunga yule bwana. Mimi nakaa nyuma yake hatua chache tu. Nimewahi kumsifia pasi yake. Nimewahi kumsifia hata mvuke. Jibu lake: asante, kaka. Kaka! Neno hilo likimtoka natamani ardhi ipasuke.

Nampenda. Basi, nimeandika. Nataka kumuoa, na hakuna mwanamume aliyewahi kuposa huku ameinamia vifungo vya mwenzake. Lazima msomaji niwe mimi.

Mpango: kuikausha sauti ya Mkasi. Kesho nakwenda na chupa ya maji ya barafu.

Jumanne, 7 Mei

Nimemwambia Mkasi kwamba waimbaji wote wakubwa hunywa maji ya barafu kabla ya kupanda jukwaani. Akanitazama. Akasema tangulia wewe. Ikabidi nitangulie. Nikabugia gilasi nzima. Naye akanywa funda moja, akaniuliza kama gilasi ya pili nayo inasaidia. Nikainywa na hiyo, kuonyesha kwamba inasaidia.

Matokeo. Mimi: sauti imekwenda na maji. Nikifungua mdomo inatoka hewa tupu. Mkasi: sauti imeshuka kidogo, imekuwa nzito, ya kukwaruza. Alipofika kwa dereva wa lori la barafu, anayeshukiwa na karakana nzima, wanawake walipiga mayowe. Bi Pasi akasema leo hadithi imekolea, sauti imekuwa ya jambazi mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, ningefanyaje?

Dada yangu, ninayeishi kwake, ameniuliza nimepatwa na nini. Nikamwandikia hewani kwa kidole. Akasema hajasomea kusoma hewa. Akanipa tangawizi ya moto, akasema mdogo wangu, mtu akipenda husema. Maskini dada. Mambo ya mbinu hayaelewi.

Jumatano, 8 Mei

Wazo limekuja lenyewe, nikiwa natia uzi kwenye sindano. Kwa nini nigombanie sauti? Mwenye hadithi si anayeisoma. Mwenye hadithi ni anayejua mwisho wake! Zimebaki karatasi chache. Nikizichukua, Mkasi atafika ukingoni akute shimo. Hapo nitasimama mimi, polepole, mikono mfukoni, niseme poleni jamani, mwisho ninao. Bi Pasi ataweka pasi chini mwenyewe.

Kitabu hukaa kwenye kabati la nyuzi. Wenzangu walipotoka kunywa chai, nikachukua wembe wa kufumulia nikazikata karatasi za mwisho. Safi kabisa, hata Mkasi angenionea wivu. Nikasoma nimesimama, kama Inspekta anavyokula. Loo! Kumbe si dereva! Ni yule daktari wa meno! Yule mpole, aliyemtengenezea Inspekta jino huku akimpa pole! Nywele zilinisimama.

Sijafika karatasi ya mwisho, nikasikia viatu vya Mama Msimamizi. Viatu vile havina huruma. Nifiche wapi? Aproni zetu hazina mifuko, tusije tukaiba nyuzi. (Kumbe hata ile mikono mfukoni ya mpango wangu haikuwezekana. Sikuliona hilo mapema.) Lakini mimi si mtu wa kola? Nikazikunja karatasi, nikazitia ndani ya kola ya shati lililokuwa mashineni, mahali pa kile kitambaa kigumu cha ndani, nikashona trrrr. Mama Msimamizi akanikuta niko kazini wakati wa chai. Akanisifu mbele ya watu. Haijawahi kutokea.

Shati nikalitia alama ya chaki ili nilifumue jioni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zilikuwa zimechanwa.

Baadaye, jioni. Ole wangu! Mashati yote yamekwenda meza ya pasi. Na Bi Pasi, kabla ya kupiga pasi, hupangusa chaki. Kila chaki! Mashati yamelala pale marundo kwa marundo, yamefanana kama mayai. Sikulikumbuka hilo, japo namtazama akipangusa kila siku ya Mungu.

Alhamisi, 9 Mei

Siku yenyewe. Inspekta ameingia peke yake kwenye chumba cha barafu. Mlango umejifunga. Taa zimezimika. Mtu anahema gizani. Mkasi akafunua karatasi. Jalada! Akalifunga, akalifunua tena, labda litabadili nia. Halafu zikazuka kelele ambazo cherehani zote zikiwashwa pamoja hazizifikii. Mshona mikono alilia. Mshona mifuko akamshuku mshona mikono. Mkasi akasema aliyefanya hivi ana roho ya korosho.

Ndiyo ilikuwa saa yangu. Nikasimama. Polepole. Nikaweka mikono pale ambapo mifuko ingekuwapo. Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo.

Hewa.

Nikakaa.

Mama Msimamizi akatoa hukumu: karatasi zisipopatikana ifikapo Jumatatu, hakuna kusoma tena humu ndani. Tutashona vifungo kimya kama tuko matangani. Na hapo Bi Pasi akasema, taratibu, kwamba saa ile ya kitabu ndiyo pekee inayomfanya asahau joto la pasi. Akainamisha kichwa. Iliniuma. Nilitaka anitazame mimi, sikutaka ainamishe kichwa.

Mara akasimama. Akasema mwizi yumo humu, naye atamtafuta kama Inspekta anavyotafuta. Akapita kwa kila mtu na maswali, pasi mkononi, inafuka mvuke. Alipofika kwangu nilitaka kumliwaza tu. Nikakusanya sauti yote niliyobakiwa nayo, nikamnong'oneza asihuzunike, daktari wa meno hatafika mbali.

Mshona mifuko akauliza daktari gani tena, si dereva ndiye muuaji? Akasema kaka wa watu ana homa. Wote wakakubali nina homa. Bi Pasi peke yake alisogeza sikio. Akaniomba nirudie. Nikakohoa. Kukohoa nilikuwa naweza vizuri.

Sidhani kuna aliyeshuku.

Ijumaa, 10 Mei

Lazima niandike.

Lori la kuchukua sare lilikuwa linakuja alasiri. Likiondoka, mlinzi mmoja mahali fulani atavaa mwisho wa hadithi shingoni hadi astaafu, na Bi Pasi ataishi bila kitabu. Kwa hiyo wenzangu walipokwenda kula nikabaki. Nikaanza kuminya kola, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Nikaminya rundo la kwanza. Nikaminya la pili. Nikasikia mtu nyuma yangu anauliza kama zimeiva.

Bi Pasi. Na shati mkononi.

Akasema kola zote alizopiga pasi tangu aje hapa zimekaa kimya, ila hii imemnong'oneza. Akaiminya mbele ya pua yangu. Kwaru, kwaru. Akasema pia kwamba wino ukipata joto hunuka, na aliyeshona kola hii alitumia mshono wa mtu mmoja tu humu ndani. Kumbe nina mshono wangu! Hata katika msiba ule nilijisikia vizuri.

Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilikuwa imeishia ukutani. Nikamwambia yote. Maji ya barafu. Wembe. Chaki. Nikamwambia nimefanya hivyo kwa sababu kila siku anamtazama Mkasi na mimi hanioni, na kwamba nampenda, na kwamba nataka kumuoa, na kwamba aache kuniita kaka. Sauti ilikuwa inakatika kila neno la tatu, sina hakika ni maneno yapi yalimfikia.

Akacheka. Akacheka mpaka akakalia rundo la mashati aliyokwisha kuyanyoosha, akayakunja yote.

Alipopata pumzi akaniambia mambo mawili. La kwanza: mwisho wa kitabu aliujua tangu siku kilipoletwa. Ndivyo asomavyo. Huanzia mwisho, kwa sababu hawezi kuingia mahali bila kujua atatokea wapi. Kwa hiyo nilipomtaja daktari wa meno, wengine walisikia homa, yeye alisikia mtu anakiri. Husikiliza kwa raha ya kuona wanafikaje. La pili: hajawahi kumtazama Mkasi. Alikuwa anatazama kile kioo nyuma ya Mkasi. Humo huonekana mtu mmoja aliyekaa nyuma yake, anayejichoma sindano kila Inspekta akiingia hatarini.

Nimelitafakari sana hili la kioo. Bila shaka amekuwa akinihesabia makosa. Lazima nikae wima zaidi.

Akaamua hivi. Hatanisema. Jumatatu nizirudishe karatasi nyuma ya kabati la nyuzi, zionekane ziliangukia huko. Ila Jumapili niende kwao, nimsomee mwisho wote, kwa sauti yangu mwenyewe, yoyote itakayokuwapo. Nikauliza, je, na lile swali langu? Akasema jibu atanipa kitabu kikiisha.

Kitabu kikiisha! Sijala chakula cha jioni.

Jumapili, 12 Mei

Nimerudi kutoka kwao sasa hivi. Naandika na koti bado mwilini.

Sauti imerudi, nyembamba lakini yangu. Dada alinipigia koti pasi, akanipa na viatu vya shemeji. Bi Pasi anaishi na mama yake katika vyumba viwili vyenye madirisha makubwa. Mama akanikaribisha, akaniketisha kiti kizuri. Alipokuwa ananimiminia chai akaniita mkwe. Wazee husahau majina, sikutaka kumwaibisha.

Nikasoma. Jamani, nilisoma! Inspekta gizani, daktari wa meno anamsogelea na koleo lake, barafu inapasuka miguuni. Mama akashika mkono wa binti yake. Bi Pasi hakuwa na pasi, hakuwa na kioo, na alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja. Nilikosea maneno mawili na hakucheka. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku niliyosifiwa na Mama Msimamizi.

Ndipo ikabaki karatasi moja. Jasho likanitoka. Kitabu kikiisha, jibu. Na jibu laweza kuwa hapana! Kwa nini mtu mwenye akili akimbilie hapana? Nikasema sauti imechoka, tumalizie siku nyingine. Mama akasikitika. Bi Pasi akatabasamu tu, akaniuliza siku gani. Nikasema Jumapili ijayo. Akasema hata na ile nyingine, na ile itakayofuata, yeye hana haraka, mwisho anaujua. Sijui kwa nini alikaza sana neno hilo. Muuaji si tumeshamjua?

Wakati wanatoa vyombo nikaitia ile karatasi ya mwisho ndani ya kola ya koti langu. Nilikuwa nimeacha tundu dogo tangu asubuhi, na sindano yenye uzi tayari. Dakika moja tu. Kesho karatasi nyingine zitarudi kabatini, Mkasi atasoma mpaka pale koleo linapoanguka, na hiyo moja itakuwa imepotea kabisa. Karakana itanisamehe. Kitabu kisichoisha hakina jibu, na kisicho na jibu hakina hapana.

Akanisindikiza hadi mlangoni. Hakuniita kaka jioni nzima, hata kwaheri hakuitia kaka, jambo lililonitia wasiwasi. Akaniweka kola sawa kwa mikono miwili, polepole, akaipigapiga. Kisha akaniambia nisinyeshewe njiani, nisije nikalowa maneno.

Nimetoka nje nikatazama juu. Hakuna hata wingu moja! Wanawake ni fumbo. Lakini jambo kuu ni kwamba hajashuku chochote.