Vita vya Vijiko Viwili vya Wali

Sogezeni vigoda, enyi mliokwisha kula nanyi mnaongoja sufuria iepuliwe. Zimeni redio, mnyamazisheni huyo anayegonga sahani kwa kijiko, kwa maana habari hii haijapata kusimuliwa tangu chungu cha kwanza kitokote duniani. Wako wanaosimulia majemedari waliozingira miji yenye kuta. Mimi nasimulia mwanamke aliyezingira sahani moja ya plastiki, ya kijani, yenye picha ya bata, akaishinda mchana kweupe, tena mbele ya mama mkwe wake.

Aliitwa Fundi, Bingwa wa Cherehani ya Kukanyaga, Mwenye Mkasi Usiotetemeka, mshonaji wa sare za nusu ya watoto wa mtaa ule. Na katika sare zote hizo alikuwa na kanuni moja asiyoivunja kwa mteja wala kwa damu yake: kila nguo ilikatwa kubwa kuliko mvaaji. "Atakua humo," alikuwa akisema, pini zikiwa mdomoni, na kweli watoto walikua humo, wengine miaka mitatu. Basi kanuni iliyomfaa kwenye vitambaa aliiingiza jikoni bila kujijua. Binti yake wa pekee, mwenye miaka sita, aliyebandikwa jina la Kifungo kwa udogo wake, akawa anapakuliwa chakula cha mtu wa miaka kumi. Akue humo. Na sheria ya meza ilikuwa neno moja tu: Maliza.

Tusimwonee, alikuwa na sababu. Yeye mwenyewe alikulia nyumba ambamo sufuria iliisha kabla ya zamu yake kufika, akaapa kwamba mwanawe hataijua njaa ile.

Sasa sikieni maafa yalivyoingia. Siku moja aliketi kushona mfuko wa sare ya Kifungo uliofumuka, akatia vidole ndani, akakuta kitu kigumu. Wali! Wali mkavu wa siku nyingi, umegandamana na kitambaa, pamoja na kipande cha karoti kilichosinyaa. Mfuko ule aliukata mwenyewe, mkubwa, mtoto akue nao, na mtoto alikuwa ameupatia kazi. Fundi hakukasirika. Aliumia. Alielewa kwamba binti yake kila siku anakaa mezani akitafuta mlango wa kutokea.

Asubuhi akafunga safari, hatua mia tatu nzima, hadi shuleni, akasimama mbele ya muuguzi wa shule, Mlinzi wa Kabati la Dawa. Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja ngumi, akanena:

"Mama, kipimo mtoto anatembea nacho. Wali, viazi, mkate, ngumi yake moja. Maharage, yai au samaki, kiganja chake. Mboga, viganja viwili vikikingwa pamoja. Na iwe ngumi yake, siyo yako! Wewe chagua kinachowekwa mezani. Akitaka zaidi ataomba. Akisema ameshiba, mwamini."

"Na akishinda njaa je?"

"Chakula kinachofuata atakila vizuri."

Kipimo! Kwa vipimo Fundi hakuwa na mpinzani. Alirudi nyumbani karibu anakimbia, akamkalisha Kifungo juu ya meza ya kukatia, akamzungushia futi, upande wa sentimita, kwenye ngumi, akaandika katika daftari la wateja: *Ngumi, 17.* Na mkono wake, kwa mazoea ya miaka kumi na tano, ukaongeza wenyewe: *Ziada, 3.*

Ikafika Jumapili, siku ya mapambano, na akafika mama mkwe, Malkia wa Upawa, mama wa watoto sita. Mezani palijipanga wali, maharage, mboga za majani, karoti na papai lililokatwa. Fundi akapakua. Kifungo akaisogeza ngumi yake kando ya kilima cha wali, akafumba jicho moja, akakagua.

"Mama, hii siyo yangu. Hii ya Baba."

Baba, ambaye katika vita hivi hakuwa upande wowote, akaitazama ngumi yake chini ya meza. Fundi akaona haya mpaka masikioni. Tumbo la mwanawe alikuwa amelikatia kama sare! Akamkabidhi upawa, akasema, "Haya, pakua mwenyewe." Mtoto akapakua ngumi moja ya wali, kiganja kimoja cha maharage, na mboga za kujaza viganja viwili, ulimi ukiwa nje kwa bidii.

Macho yakamtoka Bibi pima.

"Mwanangu," akanena, akisimama, "mimi nimezaa sita na nimelea sita. Sita! Kwangu hakuna sahani iliyorudi jikoni na punje. Leo nimetembea juani kote huko, halafu namkuta mjukuu wangu analishwa chakula cha ndege? Watu watasemaje? Hebu lete hiyo sahani!"

Na upawa ukainuliwa, umejaa wali, unatoa moshi.

Fundi akapiga moyo konde. "Mama, nakuheshimu, na mume uliyenilelea sina neno naye. Lakini huyu mtoto amekuwa akinificha wali mfukoni. Mfukoni, Mama! Ndani ya sare niliyomshonea kwa mikono hii. Chakula kipo, sufuria imejaa, akitaka ataomba. Mimi sitaki mwanangu anifiche tena."

Upawa ukabaki hewani. Hapo Kifungo akasema, "Bibi, kunja ngumi." Bibi, asijue anaingizwa wapi, akakunja. Mtoto akaipimisha na wali uliokuwa kwenye sahani ya Bibi mwenyewe. "Bibi, wewe umepakua ngumi tatu."

Baba akakohoa ndani ya glasi ya maji.

"Nimetembea juani mimi," alisema Bibi, lakini aliutua upawa, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Wakala. Kifungo alimaliza mboga, akaomba karoti nyingine, na jambo hilo liandikwe. Kisha akaweka kijiko chini. Sahanini, juu ya kichwa cha bata, palibaki vijiko viwili vya wali.

"Nimeshiba."

Enyi wasikilizaji, hapa ndipo vita vilipopiganwa. Neno Maliza lilipanda kutoka tumboni mwa Fundi, likavuka kifua, likafika kwenye meno. Aliiona sufuria ile ya utotoni, tupu. Aliona Bibi anamtazama. Akashika ukingo wa kitambaa cha meza kwa mikono miwili, akalimeza lile neno lote, bila maji.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kanawe."

Kifungo akamtazama kidogo, kuhakikisha, kisha akateremka kitini akiimba.

Ijumaa iliyofuata Fundi aliloweka sare. Akageuza mfuko wa kulia nje, akageuza na wa kushoto. Hapakuwa na kitu, hata punje. Alikaa pale kwenye beseni, mfuko mtupu mkononi, akalia kidogo kwa furaha. Kisha akafuta povu vidoleni, akafungua daftari la vipimo, akakata mstari mmoja na kuandika upya. Waandishi wa tarehe na wanakili kama alivyoandika:

*Ngumi, 17. Ziada, hakuna.*