Beseni la Direkta

Jumatatu, 7 Mei 1990

Béatha ana mimba. Mwezi wa nne sasa. Tumengoja miaka tisa, tumekunywa dawa za kila rangi, na leo mkunga Vestine amesema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Nilitaka kuwatangazia hata abiria wa basi. Béatha akanifinya mkono. Kwetu mimba haitangazwi, tumbo litajisemea lenyewe. Nimeapa kunyamaza.

Tatizo ni Direkta. Huyu ni paka wetu, tuliachiwa na mhandisi Mbelgiji wa Kimihurura alipokuwa anarudi kwao. Mnene, mweupe, ana dharau. Hajawahi kujisaidia nje. Ana beseni lake la mchanga karibu na mlango wa nyuma, na hupanda humo kwa heshima zote, wakati mimi mwenye nyumba naenda choo cha uani na mwavuli.

Vestine anasema kinyesi cha paka kinaweza kuwa na ugonjwa ambao mama hausikii kabisa, ila mtoto tumboni unaweza kumharibu macho na ubongo. Damu ya Béatha inaonyesha hajawahi kuupata, kwa hiyo hana kinga. Nikasema basi, paka aondoke leo. Béatha akatazama ukuta. Vestine akasema hakuna haja: paka abaki ndani, ale vilivyopikwa, asiwinde. Béatha asishike udongo bila glavu, na mboga aoshe sana. Na beseni lisafishwe kila siku na mtu mwingine, maana kinyesi cha leo bado hakijaiva; kikilala ndipo kinakuwa hatari.

Mtu mwingine. Wote wawili wakanigeukia.

Nimekubali kama mwanaume mwenye mpango. Mpango bado sina. Utakuja.

Jumanne, 8 Mei

Kazi imeanza. Nimevaa glavu nene za dukani kwangu, zile tunazoshikia betri za magari. Leso puani. Nikatoka na beseni kuelekea chooni, nikidhani Gikondo yote, mtaa wetu, imelala.

Munyaneza alikuwa kwenye ua wa miti, anapalilia karoti zake. Jirani huyu ni fundi wa bodi za magari, lakini ukimsikiliza utadhani ni waziri wa karoti. Akataka kujua kwenye beseni iko nini. Kiswahili chake kina "iko" moja tu, anaitumia kama spana inayofungua nati zote. Mimi nimekulia Buyenzi, Bujumbura, kwa hiyo huwa namvumilia.

Nifanye nini? Mwanaume anayebeba choo cha paka atachekwa mpaka Nyamirambo. Nikisema sababu, nimevunja kiapo. Nikamwambia ni mbolea. Ya Ubelgiji.

Aliinamisha kichwa kwa heshima. Nimeingia ndani nikiwa mrefu zaidi kuliko nilivyotoka.

Alhamisi, 10 Mei

Nimepata mpango. Paka anayejua kwenda nje hahitaji beseni. Asubuhi nikamfungia Direkta uani, ajifunze maisha kama sisi wengine.

Alirudi saa nne, na nusu ya panya mdomoni. Nusu nyingine ilikuwa tumboni mwake.

Béatha aliuliza ametokea wapi. Nikasema dirisha la nyuma. Akanikumbusha kwamba nyuma hatuna dirisha.

Lakini Mungu hamsahau mtu wake. Adhuhuri Munyaneza akaja na ndoo, akaniomba, kwa sauti ya chini kama mtu anayekopa, kidogo cha ile mbolea. Nikampa yote. Akashukuru mara mbili. Nikamwambia, kwa kuwa wewe ni jirani, uwe unapita kila asubuhi.

Ijumaa, 11 Mei

Munyaneza amechukua beseni, amelimwaga, amelisuuza, amelirudisha na mchanga mpya. Mimi nimekunywa chai. Direkta sasa ana karani. Kwa nini watu wanasema maisha ni magumu?

Jumamosi, 12 Mei

Siku mbaya. Naiandika polepole.

Nilifunga duka mapema. Kuingia nyumbani, namkuta Béatha kwenye kigoda, mapajani kafungu ka karoti nene, ananiambia Mama Armel amemletea. Mama Armel ni mke wa Munyaneza. Amesema ni asante ya ile mbolea, na kwamba shemeji yake Cyriaque, yaani mimi, ana roho nzuri sana.

Karoti moja ilikuwa imebaki kichwa tu. Ya pili ilikuwa njiani kwenda mdomoni.

Niliruka. Mimi, mwenye kitambi hiki. Nikainyakua na, kwa kukosa maelezo, nikaila. Udongo na vyote. Béatha akasema kama nina njaa ningesema tu, wali upo. Nikamuuliza ile ya kwanza aliiosha? Akasema alisikia hamu, akaipangusa kwa kitenge.

Nikakaa chini. Nikamwambia kila kitu: mbolea, ndoo, panya, dirisha.

Hakunifokea. Angenifokea ningejua la kufanya. Alishika tumbo kwa mikono miwili, akatazama karoti zilizobaki, kisha akasimama, akaenda kwenye ua, akamwita Mama Armel, na akamwambia yote kwa pumzi moja, mimba ikiwemo.

Mama Armel akajibu kwamba mimba waliijua tangu Jumanne. Hakuna mume anayemvalia paka glavu kama ndani hakuna tumbo. Walikuwa wananyamaza kwa adabu. Ila hiyo ya mbolea, yoo, hiyo hawakuijua.

Kisha nikamsikia akimwita Munyaneza kwa majina yake yote ya ubatizo.

Jumapili, 13 Mei

Munyaneza amechimbua tuta zima la karoti, amelifukia lote kwenye shimo refu. Hakwenda misa. Alipomaliza alisimama kwenye ua, akaniambia kwamba yeye angenicheka siku moja tu, basi. Ningemwambia ukweli, angenicheka Jumanne na Jumatano angenisaidia.

Nikakubali kwamba amesema kweli. Ni jambo la nadra, nalirekodi.

Jumatano, 16 Mei

Kwa Vestine. Alisikiliza hadithi yote bila kuinua macho, ila kalamu yake ilisimama kwenye neno "Ubelgiji". Akasema huenda hakuna kitu: kile kilichomwagwa kwenye karoti kilikuwa kichanga, na paka wengi hawana huo ugonjwa. Lakini huenda kipo. Damu ndiyo itasema, na damu haiharakishwi. Turudi tarehe nne mwezi ujao. Kikionekana kitu, kuna dawa za kumkinga mtoto.

Nikauliza na mimi niliyekula karoti, je? Akaniambia nisihofu, kwa kuwa sina mimba. Alisema hivyo mlango ukiwa wazi. Akina mama kwenye benchi walifurahi.

Nasafisha beseni mwenyewe sasa, kila asubuhi, kabla ya chai. Namwaga maji ya moto. Namchemshia Direkta nyama mpaka inakuwa kamba. Munyaneza anasimama kwenye ua na kikombe chake, hasemi nami, anahakikisha tu. Nikimaliza anaondoka.

Béatha ameacha kuimba akipika. Sikujua kama huwa namsikiliza.

Jumatatu, 4 Juni

Safi.

Damu safi. Vestine alirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuelewa, nilikuwa nautazama mdomo wake tu. Béatha alicheka, halafu akalia, halafu akaniuliza mbona mimi ndiye ninayelia.

Watampima tena kila mwezi mpaka ajifungue. Mambo yaendelee vilevile. Na Vestine akaongeza, akinitazama mimi na si Béatha: asiingie paka mwingine nyumbani humu, hasa mtoto wa paka. Hao wadogo ndio huwa wanaumwa na kuusambaza.

Jioni Munyaneza alirusha mfuko wa maharage juu ya ua. Yamekauka, yamechambuliwa. Amesema ni ya kuchemsha, na kwamba alitaka tu kujua mtoto iko salama. Nikamwambia iko salama. Leo sikumsahihisha.

Jumamosi, 9 Juni

Nimefikiri sana juu ya mwezi huu, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilitaka kumfundisha Direkta kwenda nje, lakini mimi ni mtu. Paka hujifunza kwa paka. Anahitaji mwenzake aliyezaliwa uani, mwenye desturi za uani, wa kumwonyesha njia.

Maneno ya Vestine niliyasikia vizuri. Ila alikuwa anaongea na watu wasio na mpango.

Kwa hiyo mchana, nyuma ya gereji moja, nikampata mmoja. Mdogo, wa kijivu, anaenea kwenye boksi la chujio la oili. Nikamweka kwenye boksi nikapanda nyumbani.

Béatha alisikia sauti kabla sijafika mlangoni. Akasimama mbali, mkono juu ya tumbo, akaniuliza kwenye boksi kuna nini. Nikaanza kusema ni spea. Kutoka upande wa pili wa ua Munyaneza akasema, taratibu kabisa, kwamba kwenye boksi iko paka.

Uamuzi ulitolewa hapohapo na wote wawili, na Mama Armel akaunga mkono. Beseni la Direkta Munyaneza atalishughulikia, kwa glavu zangu. Paka mpya haingii. Na aliyemleta asiingie pia mpaka ampatie mtu wa kumchukua, mbali, kwenye nyumba isiyo na mimba.

Ndiyo maana naandika nikiwa dukani, nimekaa juu ya matairi. Béatha amenitumia wali na blanketi, na salamu kwamba mtoto amecheza leo, mara ya kwanza, walipokuwa wananicheka.

Mdogo amelala kwenye goti langu. Mpaka sasa hajatoka nje hata mara moja; amejisaidia kwenye kreti ya plagi za magari. Lakini alinitazama kwanza. Ana akili huyu. Nampa wiki ajue njia ya nje.