Imondo ya Mfalme na Mgeni wa Matete

Leo nimekula imondo mbele ya baba mkwe wangu. Yeye alikuwa amekaa chini kando ya kuni, anatafuna shingo.

(Baba mkwe mtarajiwa. Baada ya leo, sijui kama kuna kinachotarajiwa.)

Ngojeni niwaeleze kwa mpangilio, nyinyi wa Nairobi mtakaosoma hii Jumatatu kwenye kompyuta za ofisini.

Mnaujua mchezo wetu wa Jumamosi. Tunakutana kwa shangazi yangu hapa Lurambi, kila mmoja anakuwa mtu wa zamani: mfalme, askari, mganga, mpiga ngoma. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Ukishaingia uani, wewe ni yule uliyepewa mpaka jioni, na anayejisahau akataja mshahara au mpira anafagia uwanja. Mimi ni mpishi wa mfalme. Kazi yangu ni kuhakikisha hata tumbo linaamini tuko zamani. Hakuna mchele, hakuna chapati, nyanya wala mafuta ya kopo. Leo nilisonga ugali wa wimbi na mtama, nikapika mboga ya mrenda kwa chumvi ya majivu, nikakaanga kumbikumbi, na jogoo akakaa kwenye chungu tangu asubuhi. (Nilijivuna sana.)

Leo pia tulikuwa tunangoja jasusi. Bramwel, yule mwalimu ambaye ndiye mfalme wetu, alikuwa amepanga na marafiki wa Butere watutumie mtu tusiyemjua sura. Alituambia jambo moja tu: atajifanya mgeni anayetafuta mtu. Atakayemnasa atapandishwa cheo. Na mimi nimechoka na moshi.

Kando ya hayo, kuna Wycliffe. Anataka kunioa. Mama yake amekubali, shangazi amekubali. Amebaki baba yake, mzee wa Matete ambaye sikuwa nimewahi kumwona, na ambaye neno lake halirudishwi. Kaka yake Wycliffe alikataliwa mchumba kwa sababu yule dada alimimina chai akiwa amesimama.

Basi saa sita hivi, mzee mmoja akaingia uani. Kofia, koti zito, bakora. Askari wetu walikuwa nyuma ya nyumba wakifundishana kushika mkuki. Nilikuwa peke yangu na vyungu.

Akabisha hodi kwa upole, akasema anatafuta msichana anayeitwa Rasoa.

Nilikaribia kucheka. Watu wa Butere wamempa hadi jina langu! Nikakaza uso, nikamuuliza ametoka upande gani. Matete, akasema. (Hapo ningepaswa kushtuka. Nilijiambia Matete ina watu wengi.)

"Nani amekutuma?"

Mzee akanitazama kidogo. "Nani atanituma, mukhana, binti yangu? Nimejituma. Nimekuja kuona polepole watu wa hapa wanaishinga aje, kabla hawajajua niko."

Jasusi gani anakiri kirahisi hivyo? Nilimwonea huruma. Nikampokonya bakora, nikaita askari, akakalishwa chini kando ya kuni. Hakupinga. Aliuliza tu kama wageni wote wa hapa hukaribishwa namna hii. Nikamjibu kwamba wanaokuja kwa siri, ndiyo. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka jambo akilini. Bramwel akaninong'oneza kwamba huyu wa Butere anaigiza kutushinda sote.

Chakula kikaiva. Kwa sheria ya mchezo, mateka hula kile ambacho hakuna anayekitaka, kwa hiyo nikamchagulia shingo ya yule jogoo, nikamwekea kwenye jani la mgomba. Akaishika, akaitazama pande zote, akaanza kuila.

Mpishi naye lazima aonje kila kitu mbele ya watu, ili mfalme ajue hakuna sumu. Nikaonja mrenda. Nikaonja ugali, mchuzi, kumbikumbi. Ikabaki imondo, yaani firigisi. Labda huko mjini mmesahau: kwetu imondo ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote penye kuku. Mwanamke haigusi. Msichana anayetaka kuolewa hata haiangalii sana. Lakini mimi sikuwa msichana, nilikuwa mpishi wa ikulu. Nikaiinua juu mateka aione vizuri. Nikauma.

Wakati huohuo akaingia kijana mnene mwenye koti la mvua, anahema. Akatangaza kwamba yeye ni mgeni tu, anatafuta mtu. Halafu akatukonyeza.



Nikamtazama kijana. Nikamtazama mzee. Mzee alikuwa amemaliza upande mmoja wa shingo, sasa anaigeuza.

Na hapo ndipo shangazi alipofika kutoka sokoni, kikapu kichwani. Yeye na mzee waliwahi kukutana matangani. Alimwona, akakitua kikapu kama kimejaa mayai.

"Baba Wycliffe," akasema, "nani amekukalisha kwa kuni?"

"Huyu," mzee akajibu, akinielekezea ile shingo. "Huyu anakula imondo."

Nusu ilikuwa mkononi, nusu mdomoni. Kutema mbele ya mkwe ni aibu. Kumeza ni aibu. Nikameza. Haikushuka vizuri, na shangazi akanipiga mgongoni kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Nikakimbilia jikoni, nikasimama nyuma ya mlango. Huko nje mfalme alimwachia mzee kiti, askari wakamrudishia bakora, wote wakimweleza mchezo kwa pamoja, kila mmoja akiharibu maelezo ya mwenzake. Mzee aliwaacha mpaka wakachoka, huku akila ugali na mrenda aliopakuliwa. Kisha akauliza mrenda umepikwa na nani. Shangazi akasema ni Rasoa, na chumvi ya majivu aliichuja mwenyewe.

"Mm," mzee akasema. Akaongezwa.

(Hiyo "Mm" nimeichambua kuanzia wakati huo. Inaweza kuwa chochote.)

Alipoondoka, shangazi alimsindikiza mpaka barabarani. Nilichungulia juu ya ua. Walisimama muda mrefu, mzee akisema neno moja moja, shangazi amejishika kiuno, mabega yakimtikisika kama anayezuia kicheko. Aliporudi nikamuuliza mzee amesema nini. Akaniambia nikaoshe vyungu.

Nimeviosha vyote. Bado hajasema. Bramwel amenifungulia kompyuta ya shule ili niwaandikie, na ombi langu ni moja: mtu asicheke mpaka nijue kama ninaolewa.